Mtunza Bustani Niliyejifanya Simjui

Harufu ninayoikumbuka ya bustani ya umma ya mji wa Kericho si ya maua, na msomaji anisamehe kama alitarajia waridi. Ni harufu ya dawa ya kuoshea choo. Ilikuwa kali, ya kuchoma pua, na ilimfuata baba yangu kutoka kazini hadi chumba chetu cha kupanga pale Kapsoit, ikaingia kwenye blanketi, kwenye ugali, hata kwenye sweta yangu ya shule. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kila asubuhi kabla ya kutoka nilijinusa mikono na kola, si kwa sababu ya jasho, bali kuhakikisha kwamba sinuki kazi ya baba. Nyumbani tulimwita Tata, kama Wakisii wengi wanavyowaita baba zao. Tata ndiye aliyekuwa mtunza bustani. Alifyeka nyasi, akamwagilia maua, akafagia majani ya mijakaranda, na mara mbili kwa siku alisugua vyoo viwili, cha wanaume na cha wanawake. Mimi shuleni nilikuwa nimewaambia wenzangu kwamba baba yangu ni karani katika kiwanda cha chai.

Uongo huo sikuuanza kwa nia mbaya, au ndivyo ninavyopenda kujiambia. Kabla ya bustani, Tata alikuwa mkataji chai kwenye shamba kubwa la kampuni, na huko kwenye laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi tulikozaliwa, mkataji alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Kuchuna majani kila mtu anachuna. Kukata ni kazi nyingine. Kila baada ya miaka kadhaa mche wa chai hukatwa ukabaki usawa wa magoti tu, ili uote upya, na anayekata vibaya ameua shamba. Tata alikata kwa pigo moja la mshazari, mkato ukabaki laini, bila nyuzi. Miaka kumi na tisa alifanya hivyo, mpaka kampuni ikaleta mashine na kuwaambia wakataji ahsanteni. Tulipohamia Kapsoit na mimi kuingia shule mpya, msichana mmoja aitwaye Chepkoech, ambaye wazazi wake walikuwa na shamba lao la chai na nyumba ya mawe, aliniuliza baba yangu anafanya nini. Nikafungua mdomo, na karani akatoka. Mjini ni mbali kidogo na Kapsoit, nikaona hakuna atakayejua.

Bustani yenyewe, kusema kweli, ilikuwa nzuri kuliko nilivyotaka kukiri. Ilikuwa na lango la chuma lililoliwa na kutu, viti vya saruji vilivyopakwa rangi ya kijani, na kibanda cha mviringo ambacho zamani bendi ilipigia muziki na wakati wetu wahubiri wa saa saba mchana walipigia kelele. Palikuwa na bembea mbili, moja nzima na moja ya mnyororo mmoja, na bati la kutelezea lililokuwa likichana kaptula za watoto. Katikati palikuwa na kidimbwi cha mduara kisichotiwa maji na mtu, ila kwa kuwa Kericho mvua haikosi kila alasiri, kilikuwa kimejaa viluwiluwi mwaka mzima. Wapiga picha walikaa karibu na maua, wakiwa na kiti kimoja cha plastiki na ua moja la bandia la kumshikisha mteja. Jumapili wafanyakazi wa mashambani walishuka mjini wakiwa wamevaa nguo za kanisani, wakala mahindi ya kuchoma, wakapigwa picha, na kabla ya kurudi lazima wapite kwenye kona ya juu kuutazama mti wa chai.

Mti huo ndio uliokuwa fahari ya bustani. Mtu wa nje hawezi kuelewa. Sisi tuliozaliwa kwenye chai tunaijua ikiwa imefika kiunoni, imesawazishwa juu kama meza. Lakini chai isipochunwa wala kukatwa huwa mti kabisa, wenye shina na matawi na maua meupe yenye kitovu cha manjano, na kwenye ile kona Mzungu fulani aliacha mche mmoja ukue utakavyo, ukakua hadi kupita paa la choo. Ulikuwa na mashina mawili yaliyoachana chini kabisa. Wachunaji walisimama mbele yake wakiguna, “Kumbe ni mti!” Wengine walicheka na kuuliza ni nani huyo mvivu aliyeacha kazi mpaka ikafika pale. Na karibu wote mikono iliwawasha. Mtu aliyechuna chai maisha yake yote akiona jani changa, vidole vinaenda vyenyewe, na Tata alikuwa amefunga kamba kuuzunguka mti ili kuwakumbusha. Alituambia nyumbani, tena na tena, kwamba amekata maelfu ya miche lakini ule hataugusa kwa panga hata akilipwa. Mama alikuwa akimtania kwamba amepata mke wa pili na anaishi mjini.

Basi muhula wa pili mwalimu wetu wa darasa la sita akatangaza kwamba tutakwenda mjini kujifunza historia ya bustani ya umma, kisha kila mmoja aandike insha. Darasa lilishangilia. Mimi sikushangilia. Usiku na mchana nilipanga namna ya kuugua, lakini Mama hakuwa mtu wa kudanganywa na kikohozi, na zaidi ya hayo Tata mwenyewe alifurahi mno. “Mnakuja kwangu?” aliuliza, akaacha kula. Nilimwambia labda hatutafika upande wake. Siku ya safari alitoka alfajiri akiwa amepiga pasi shati lake la kanisani. Sikulifikiria sana shati hilo wakati ule.

Mwalimu alikuwa ametuombea lori la kubebea majani chai, tukasimama nyuma tukiimba hadi mjini. Tulipoingia langoni Tata alikuwa akitungoja. Juu ya lile shati alikuwa amevaa aproni ya mpira aliyotoka nayo shambani, na miguuni gambuti, kwa sababu kazi ya vyoo haikungoja wageni. Mwalimu akamwomba atusimulie historia. Tata akakohoa kidogo, akaanza. Alieleza kwamba kabla ya Wazungu, Wakipsigis walileta ng'ombe kunywa maji pale, kwa kuwa palikuwa na chemchemi. Kwamba baadaye pakawa pa farasi wa Wazungu, kisha bustani yao, na kwamba Mwafrika wa kwanza kuingia aliingia na fyekeo mkononi, na hakuruhusiwa kukaa kwenye kiti. Alieleza vizuri. Leo nami nafundisha historia, na sijawahi kupata mwalimu wa somo hilo aliyenishinda, ila siku ile ningemsikiliza ningekubali kwamba yupo mmoja. Lakini sikumsikiliza, kwa sababu ulimi wake wa Kikisii ulikuwa ukigeuza kila l kuwa r, na nyuma yangu kicheko kilikuwa kimeanza.

“Hapa zamani parikuwa marisho ya farasi,” Tata alisema.

“Parikuwa marisho!” Chepkoech akanong'ona, na wasichana watatu wakaziba midomo. Wakajaribu na wengine, mmoja baada ya mwingine, lakini hawakuipata sauti yake. Na hapa ndipo ninapotaka kuweka kalamu chini. Maana niliyeipata ni mimi. Nilikuwa nimeisikia sauti hiyo ikinibembeleza nikiwa na homa, ikiniita nije nile, ikiomba kabla ya kulala. Nilijua kile kikohozi kidogo cha kabla ya sentensi, na namna alivyovuta neno la mwisho. Nikakohoa, nikasema, “Watoto, hapa parikuwa marisho,” na kundi zima likapasuka kwa kicheko. Chepkoech alinishika bega ili asianguke. Tata akanyamaza. Alitazama upande wetu, macho yake yakanipata, na nikaona kwamba anangoja niseme neno, neno lolote. Nikajikausha. Nikamtazama kama ninavyomtazama mtu nisiyemjua barabarani.

Akaelewa. Hilo ndilo lililonikaa rohoni kuliko mengine. Alielewa upesi mno, kana kwamba alikuwa amelitarajia. Akamaliza kusimulia, akatuonyesha kidimbwi, vyoo na mti, na alipopita karibu nami alisema kwa sauti ya kawaida ya mtu mzima kwa mtoto wa wenyewe, “Msichana, funga kamba ya kiatu, utaanguka.” Kisha akachukua ndoo yake akaenda zake chooni.

Saa ya kula, wengi walikimbilia bembea. Sisi wanne tulibaki kwenye mti wa chai, na Chepkoech, ambaye alipenda uchokozi, akaanza kunipima. Alisema watoto wa makarani hawajui chai, wanaijua kwenye kikombe tu. Ningejua ningecheka yaishe. Lakini mimi nilikuwa mchunaji hodari kuliko wote pale, na karani wangu wa uongo alikuwa ameninyima hata sifa hiyo. Nikaruka kamba. Majani machanga yalikuwa juu kabisa, nikapanda, nikawa nayachuna mawili na kichipukizi chake kwa mikono yote miwili, nikiyatupa chini huku wakihesabu na kupiga makofi. Nilisogea nje kidogo kufuata tawi. Sikusikia mlio wa kwanza. Wa pili niliusikia, na shina lote la upande huo likapasuka kutoka juu hadi usawa wa magoti, likalala chini pamoja nami.

Wenzangu walitimua mbio. Mimi nilikuwa nimekaa chini katikati ya matawi, maua meupe kwenye nywele, nikimwona Tata anakuja na ndoo. Alisimama. Aliutazama mti, akainama akaupapasa mpasuko kwa kidole, polepole, kutoka juu hadi chini. Kisha akanitazama magoti na viwiko kuona kama nimeumia. Hakunigombeza. Hakuniita jina. “Nenda,” alisema. “Mwarimu wako anaita.” Nikaenda. Njiani kurudi tuliimba tena, na mimi niliimba.

Jumamosi Mama alinituma nimpelekee chakula. Nilimkuta kwenye kona ile akiwa amesimama wima mbele ya msimamizi, kijana aliyetumwa na ofisi ya mji, pamoja na watu wengine wawili. Mti haukuwapo. Ulikuwa umekatwa mashina yote mawili, umebaki magoti, na kila mkato ulikuwa laini, wa mshazari, wa pigo moja. Hakuna aliyeweza kujua kwamba kabla ya panga palikuwa na mpasuko. Msimamizi alikuwa akiuliza kwa mara ya pili au ya tatu ni nani aliyemwagiza kukata mti wa kihistoria. Tata alikuwa ameshika kofia.

“Hakuna ariyeniagiza, mkubwa,” alisema. “Mkono urizoea. Chai ikirefuka vire, sisi huwa tunakata.”

Wale wawili waliangua kicheko. Uongo huo uliingia vizuri kwa sababu kila mtu Kericho angeuamini: mtu wa chai aachwe peke yake na chai, ataikata tu. Msimamizi naye alitabasamu huku akitikisa kichwa, akasema mzee ungeacha ushamba wako shambani. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwao na bakuli la chakula mikononi. Neno moja lilitosha. “Ni mimi.” Kwa Kiswahili ni silabi chache mno. Nilingoja Tata anitazame ili nipate nguvu, lakini hakunitazama hata mara moja, na nikachukulia hilo kuwa ruhusa ya kunyamaza. Siku hiyo hiyo alipigwa kalamu, kazi ikaisha. Alivua gambuti za ofisi akazipanga mlangoni pa choo, tukarudi nyumbani, yeye akiwa amevaa viatu vyake vya kanisani.

Baada ya hapo alikwenda Boito kuchuna chai ya watu kama kibarua, mtu aliyekuwa mkataji, akibeba kapu pamoja na vijana waliomwita babu. Alikuwa akirudi mwisho wa mwezi, mikono imepasuka. Mama hakumsamehe. “Mtu mzima mwenye akili zake,” alikuwa akisema, “unakata mti wa serikali kwa sababu mkono umekuwasha?” Hasira yake ilipokwisha ikawa mzaha, na mzaha huo alimwandalia kila mgeni pamoja na chai. Tata alicheka na wageni. Mimi nilikuwa nikitoka nje kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi. Mama amefariki miaka sita sasa, na amekufa akiamini kwamba mumewe alikuwa mjinga siku moja. Ningeweza kumtoa kwenye imani hiyo jioni yoyote katika miaka zaidi ya ishirini. Sikumtoa. Ule mti nao haukungojwa uote; waliung'oa wakapanda maua.

Leo mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya upili hapa mjini, na bustani imekarabatiwa. Lango ni jipya, njia zimetandikwa matofali, kuna taa za jua na mtandao wa bure, na vijana wanajipiga picha wenyewe bila kiti cha plastiki. Vyoo vina vigae na maji ya bomba. Kidimbwi kinarusha maji juu, viluwiluwi wamehamia kwingine. Mwaka huu kamati ya wenyeji iliniomba nihariri maelezo ya historia yatakayowekwa kwenye ubao karibu na lango. Wazee walikuwa wamekusanya mambo mengi mazuri, na mwishoni walikuwa wameweka kichekesho: kwamba hapo zamani palikuwa na mti adimu wa chai, ukakatwa na mtunzaji mmoja kutoka mashambani aliyedhani ni chai ya kuchunwa. Mwenyekiti aliisoma kwa sauti na wote wakacheka. Nami nilicheka. Kisha nikaifuta sentensi ile, na nilipoulizwa sababu nikasema ubao ni mdogo, tupunguze maneno. Nikapongezwa kwa kuhariri vizuri.

Jumapili iliyofuata nilikwenda bustanini na binti yangu, Nyaboke, mwenye miaka tisa. Mama mmoja aliyevaa koti la kazi alikuwa akitoka chooni na ndoo. Nyaboke alijua tu kwamba babu yake aliwahi kutunza bustani na kuosha vyoo pale, akampungia mkono na kupaza sauti, “Shikamoo! Hata babu yangu alikuwa anaosha choo hiki!” Mkono wangu ulimziba mdomo kabla sijafikiri. Palikuwa na wazazi wa wanafunzi wangu kwenye viti. Alipojinasua alinitazama kwa mshangao. “Mama, kwani babu alifanya nini kibaya?”

Nilimketisha nikamweleza yote, mti, mwalimu, Chepkoech, sauti, msimamizi. Sikujipunguzia. Alisikiliza akila njugu, na swali lake lilikuwa moja tu, kama nimemwomba babu msamaha. Nikasema bado. Akasema basi mpigie, akaendelea kula.

Tata ana miaka themanini na kitu, anaishi kwetu Kisii, na hunipigia kila wiki kuuliza habari za mvua. Alipokea akiwa na furaha. Nilimwambia kwa Kikisii, kwa haraka kabla sijaghairi, kwamba ule mti wa chai niliuvunja mimi, na kwamba naomba msamaha kwa kazi yake, na kwa Mama, na kwa miaka yote.

“Mti?” akasema. “Mti si kitu, Kemunto. Ulikuwa mtoto, ulipanda mti. Hata kazi, kazi ilikuwa ya choo. Hayo niliyamaliza siku ile ile.”

Nikashusha pumzi. Nilikuwa tayari kumshukuru.

“Ile sauti yangu,” akasema. “Ulijua kuitoa vizuri sana. Wale wengine sikuwajali, hawakuwa wananijua.”